Kiwanja Chanika, Kazi Posta

Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, walimu, wanafunzi, nanyi mliosimama pale mlangoni kwa kukosa viti, ambao naamini hata safari ya kuja hapa mmeifanya vivyo hivyo:

Mtu wa kwanza ninayetaka tumsikilize jioni hii ni dalali wa viwanja. Mfuate pembezoni mwa Dar es Salaam: Chanika, Msongola, Mbande au kule Goba ya ndani. Atakuonyesha vigingi, atakutajia bei, na kabla hujauliza atamalizia, "Na daladala zinafika mpaka hapo barabarani." Hasemi uongo, zinafika. Asichokwambia ni kwamba bei aliyoitaja ni malipo ya awali tu. Salio utamlipa konda, asubuhi na jioni, kwa miaka yote utakayoishi pale huku kazi yako iko mjini, na kwa malipo hayo hakuna mjumbe atakayeitwa kuwa shahidi.

Tupige hesabu pamoja. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Mkazi wa Chanika anayefanya kazi Posta safari yake inazidi kilomita 10 kwa mbali, lakini tumpunguzie. Tuseme anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, na kila gari anatoa 600 tu. Ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 62,400 kwa mwezi. Akiwa mlinzi au mhudumu wa ofisi anayepokea laki mbili, karibu theluthi ya mshahara imeishia garini, na hapo sijaweka bodaboda ya kumtoa barabarani hadi nyumbani usiku, ambayo mara nyingi peke yake inaizidi nauli ya daladala. Kwa miaka kumi, nauli isipopanda hata senti, inafika karibu milioni saba na nusu. Kwa fedha hiyo angepata kiwanja cha karibu zaidi, kama angeishika yote kwa mkupuo. Hakuwahi kuishika kwa mkupuo, ndiyo maana yuko Chanika.

Hii naiita bei ya pili ya ardhi. Nataka tuone ilitoka wapi, nani anaipanga, na kwa nini mabasi ya mwendokasi peke yake hayawezi kuifuta.

Ukiitazama ramani ya Dar es Salaam utaona mkono uliofunguliwa: Posta na Kariakoo ndio kiganja, na vidole ni barabara za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji kwa rangi za watu. Uzunguni ufukweni, Uhindini kwenye maduka, Waafrika Kariakoo na Ilala, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kuwatenganisha. Mji ule mtu aliumaliza kwa miguu. Bandari, stesheni, benki, hospitali na ofisi za serikali vilikaa pamoja kwa kuwa waliovitumia waliishi jirani. Tulipopata uhuru tulirithi majengo, na mazoea tukayarithi pia. Karibu kila kikubwa kilichojengwa kikajengwa palepale au hatua chache kutoka pale, huku watu wakizidi kusogezwa nje kufuata vidole.

Hata pale serikali ilipopanga kwa makini, ilipanga nyumba ikaisahau kazi. Miaka ya 1970 ilipima viwanja vya Sinza na Kijitonyama kwa fedha za Benki ya Dunia. Mwaka 2002 ukaanza mradi wa viwanja 20,000, uliofungua Mbweni, Bunju, Kibada, Buyuni na kwingineko. Ulikuwa mradi mzuri, wengi wenu mna hati kwa sababu yake. Viwanja vilipewa namba, mitaa ikachongwa, maeneo ya shule yakatengwa. Ajira haikupimiwa kiwanja. Sensa ya 2012 iliwakuta watu milioni 4.36 mkoani Dar es Salaam, na ya 2022 milioni 5.38. Lakini tazameni upande wa pili wa mpaka: Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu milioni 1.1 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye wamepita milioni 2. Si wote hao wanaofanya kazi Posta, maana hata Mafia imo ndani ya Pwani. Hata hivyo, anayesimama Kibaha au Vikindu saa kumi na moja alfajiri anaona wazi kwamba mpaka wa mkoa umebaki kwenye makabati ya ofisi. Jiji limeshauvuka, na kila asubuhi linarudi.

Sasa twendeni barabara ya Nyerere, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Wenyeji wa njia hiyo mtanivumilia nikieleza mnachokijua. Pale Banana na Ukonga Mombasa utawakuta watu wamevaa vizuri, mikoba kifuani, wamesimama upande wa pili wa barabara. Wanakwenda mjini, lakini wanasubiri gari linalotoka mjini. Likija wanapanda, wanalipa, wanakwenda nalo hadi Gongo la Mboto, na pale halishuki hata guu moja. Wanageuza nalo. Wanaosubiri kituoni wanaugombea mlango, mmoja anarusha mkoba dirishani kuwekea kiti, kumbe viti vina wenyewe zamani. Konda anapita tena kukusanya nauli, na waliogeuza wanatoa mara ya pili bila kinyongo. Mama mmoja fundi cherehani aliyekaa pembeni yangu alinieleza sababu yake: "Mwanangu, nikisimama kutoka hapa mpaka Kariakoo, mguu wa pedali haunitii kutwa nzima." Akafunga macho, akalala mpaka Buguruni.

Mtaalamu wa mipango akisikia mtu analipa nauli mbili na kusafiri kinyume ili apate kiti, atasema huo ni upotevu. Ni kweli, lakini tazama upotevu wenyewe unasema nini. Gari lile lilikuwa linarudi Gongo la Mboto karibu tupu. Asubuhi nzima magari yanajaa kwenda, yanarudi na upepo. Jioni kinyume chake. Sehemu kubwa ya mafuta ya usafiri wa jiji hili inachomwa kusafirisha viti vitupu, na anayevilipia ni huyo aliyebanwa mlangoni safari ya kwenda. Waliogeuza wameligundua pengo hilo kabla ya ofisi yoyote.

Na konda? Madereva na makonda wengi wa daladala hawana mshahara. Alfajiri wanakabidhiwa gari, usiku wanatakiwa wampelekee tajiri, yaani mwenye gari, hesabu yake, kiasi kilekile, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta juu yao, faini ya trafiki juu yao. Kinachobaki ndicho chao, na siku dereva akichoka anampa deiwaka, dereva wa kibarua, wagawane naye. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyeandika kitabu *Taken for a Ride* kilichotoka mwaka 2017 juu ya usafiri wa jiji hili na watu wake, aliufuatilia mpango huu kwa miaka mingi, pamoja na jitihada za madereva na makonda kujiunga katika chama chao, UWAMADAR. Vijana msomeni. Yale tunayoyaita tabia mbaya za daladala, yaani kukimbizana, kukatisha ruti, kukaa kituoni mpaka gari lijae, yote yana anwani moja, nayo ni hesabu ya tajiri.

Chukua suala la mwanafunzi. Serikali imeamua alipe nauli pungufu, na imeamua vyema. Lakini punguzo lile halitoki hazina, linatoka mfukoni mwa konda, aliyesoma mpaka darasa la saba au kidato cha nne na ana watoto wake. Anaponyoosha mkono mlangoni na kusema "wanafunzi wawili tu," ni mkatili, sikatai. Ila tuliomtwisha ruzuku ya elimu ya taifa bila kumpa senti tumekaa humu ukumbini tukimsengenya.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Kampuni ya DMT, iliyoendesha mabasi ya mji tangu enzi za mkoloni, ilitaifishwa mwaka 1970, na 1974 ikazaa mashirika mawili: KAMATA kwa mabasi ya mikoani na UDA kwa jiji. UDA ilikuwa na tiketi, ratiba na vituo. Iliangushwa na mengi kwa pamoja: bei ya mafuta, vita vya Kagera, fedha za kigeni za kununulia vipuri kukauka, na nauli iliyowekwa chini ya gharama bila mtu wa kulipa tofauti. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu rasmi magari ya watu binafsi. Wenye umri wangu mnakumbuka chai maharage, pikapu zenye mabenchi mawili yanayotazamana, magoti kwa magoti na usiyemjua. Zilituokoa, na nalisema hilo bila kejeli. Bila wale wenye vigari vyao tungebaki vituoni. Ila wokovu huo ulikuja na sharti ambalo hatukulijadili hata siku moja: kwamba gharama yote ya usafiri wa jiji, kuanzia tairi mpaka punguzo la mwanafunzi, itabebwa na nauli peke yake.

Mwendokasi ulikuja kuligeuza hilo. Awamu ya kwanza, Kimara hadi Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Gerezani, kilomita 21 hivi, ilianza kazi Mei 2016 kwa mabasi 140. Msikubali kuambiwa haikuwa kitu. Safari iliyokuwa ikila saa mbili ikashuka chini ya saa moja. Sakafu ya basi ililingana na ya kituo, na mtu wa kiti cha magurudumu akaingia bila kubebwa mgongoni kama mzigo. Yaliyofuata mnayajua: mabasi hayakutosha, foleni za tiketi, karakana iliyowekwa Jangwani ikafuatwa na maji ya Msimbazi, maji ambayo yalikuwepo pale kabla ya karakana. Njia ya Mbagala nayo ikajengwa ikaisha, ikakaa miaka inangoja mabasi. Magazeti yameandika vya kutosha juu ya hayo. Mimi nina neno juu ya Kimara.

Njia iliishia Kimara. Watu hawakuishia Kimara. Mwaka ule wa 2016 walikuwa wameshapita Mbezi, Kibamba na Kiluvya, wameingia Kibaha. Mtu wa Kibamba anateremka kwenye daladala, anavuka, anapanga foleni upya, anakata tiketi upya, na dakika zote alizokuja kuziokoa kwenye njia kuu ameshazitapanya kabla hajaianza. Daladala zilizoondolewa katikati ya barabara ya Morogoro zilihamishiwa njia nyingine na pembezoni, magari yaleyale na hesabu ileile ya tajiri. Hivyo mkazi wa Magomeni, ambaye hata kwa miguu angefika, akapata huduma bora kuliko zote, na wa mbali akaanza kulipia dunia mbili kwa siku moja.

Lakini katika nauli za mwanzo palikuwa na jambo ambalo halikusifiwa inavyostahili. Njia kuu ilikuwa 650, basi mlishi, lile la kuwaleta watu njia kuu, 400, na anayeunganisha vyote viwili alilipa 800. Jumlisha mwenyewe: ingekuwa 1,050. Ile 250 iliyopunguzwa ilimpunguzia bei ya pili mtu aliyenunua mbali. Kwa maoni yangu ndilo jambo la maana kuliko yote katika mradi mzima, kuliko zege, kuliko milango ya kujifungua. Ni sera ya ardhi iliyofichwa ndani ya tiketi. Ilitegemea mabasi mlishi yawepo, mengi na kwa wakati, na hapo ndipo ilipokwama. Fedha za ujenzi hutafutwa kwa mabilioni, mkopeshaji akapiga picha na utepe ukakatwa. Basi dogo la kuzunguka Kwembe na Malamba Mawili halikatiwi utepe na mtu.

Reli ninaipitia kwa haraka, ingawa inaniuma. Jiji letu lina reli za vipimo vitatu: ya kati ya milimita 1,000, ya TAZARA ya 1,067, na ya kisasa ya 1,435, na behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Oktoba 2012 zikaanza treni za abiria wa jiji, moja kwenye reli ya kati kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, nyingine ya TAZARA hadi Mwakanga, na wananchi wakaziita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Mwezi uliofuata wenzetu wa Nairobi wakafungua stesheni ya Syokimau. Miji miwili, mwaka mmoja, wazo moja: tumia reli iliyopo. Baadaye yetu ikafika Pugu, kupitia Vingunguti, Karakata na Gongo la Mboto, yaani kandokando ya njia ileile ya wanaogeuza. Jaribuni kufikiri ni wangapi wangeacha kugeuza kama treni ingepita kila nusu saa. Haiwezi, kwa sababu njia ni moja, na mizigo nayo inaitaka.

Hapa naomba niwapeleke mbali kidogo, Japani. Mwaka 1910 Kobayashi Ichizo alifungua reli ya umeme kutoka Umeda, Osaka, kwenda Takarazuka, mahali ambapo wenzake walimwambia hapana abiria. Hakubishana nao. Kabla treni haijaanza alikwishanunua ardhi kando ya reli, na pale Ikeda akajenga nyumba akaziuza kwa malipo ya kila mwezi kwa watu wa mishahara. Faida ya ardhi ikaibeba reli. Kisha akakutana na tatizo letu la Gongo la Mboto, treni zilizojaa kuja mjini na kurudi tupu. Huko mwisho wa reli, Takarazuka, akaweka bafu za maji moto na kundi la wasichana waimbaji, lililotoa onyesho lake la kwanza mwaka 1914 na ambalo lipo hadi leo. Watu wa mjini wakaanza kupanda treni kwenda upande uliokuwa tupu. Simtaji kama malaika. Alikuwa mfanyabiashara na aliuza kila kitu. Ninachokitaka kwake ni mpangilio: aliyepandisha thamani ya ardhi ndiye aliyeivuna, na akairudisha kwenye reli.

Kwetu anayeivuna ni dalali na mwenye shamba la zamani. Stendi ya mabasi ya mikoani ilipohama Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, viwanja vya pale vilipanda kabla basi la kwanza halijaingia. Hakuna hata shilingi ya kupanda huko iliyonunua basi mlishi. Lakini stendi ile ilifanya jambo jingine bila kukusudia: iliwapa watu wa mjini sababu ya kwenda nje asubuhi. Hospitali ya Mloganzila nayo hivyohivyo. Muuguzi anayeishi Manzese akaenda kazini Mloganzila anakalia kiti ambacho kingerudi kitupu. Wizara nyingi zimehamia Dodoma, majengo Posta yanatafuta wapangaji, ila mahakama, chuo, ofisi ya ardhi ya wilaya, vyote hivi havina sababu ya kung'ang'ania kiganja. Ukivipeleka Chanika na Mbagala umewapunguzia watu wa huko nauli bila kununua basi.

Na hayo mabasi mlishi nayo yalipwe kwa kilomita. Halmashauri iingie mkataba na mwenye gari: pita hapa, saa hizi, umejaa hujajaa, utalipwa. Dereva awe na mshahara, na mwanafunzi asiwe hasara ya mtu. Fedha zitoke wapi? Kila kiwanja kinachopimwa kando ya njia, kila uhamisho wa hati kwenye maeneo yaliyopanda bei kwa sababu ya kituo, vikatwe sehemu iende kwenye mfuko huo na isiingie chungu kingine. Najua mtaniuliza juu ya usimamizi, na mna haki. Mkataba wa kilomita unaibiwa kirahisi, kwa basi hewa na kilomita hewa. Lakini siku hizi gari hufuatiliwa kwa simu, na abiria wa Msongola ni mkaguzi mkali kuliko ofisa yeyote; mpeni namba ya kupiga na muitikieni anapopiga. Tuanze na njia moja tu. Mimi ningechagua Chanika hadi Gongo la Mboto, kwa sababu awamu ya tatu ya mwendokasi inaishia Gongo la Mboto, na tukisubiri mpaka kituo kifunguliwe tutakuwa tumejenga Kimara nyingine.

Kigamboni sikuigusa, na najua wenyewe mmo humu, maana wawili pale nyuma wameshaanza kutazama saa. Kuna pantoni, kuna daraja lililofunguliwa mwaka 2016 na tozo yake, na bei ya pili ya ardhi huko ina lango na mkusanyaji aliyekaa dirishani. Mwenyekiti, naomba maswali yaanze na wao, kabla foleni ya pantoni pale Magogoni haijarefuka.